Wasia kwa Kijana Aendaye Kuwatumikia Watu Waliogawanyika

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Aliyewaumba wanadamu wote kutokana na mume mmoja na mke mmoja. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, aliyetumwa kuwa rehema kwa viumbe vyote, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao mpaka siku ya Kiyama. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu,

Katika darasa yetu ya baina ya Maghribi na Isha mna kijana mmoja ambaye hatutamtaja jina, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwa. Umri wake ni miaka 23. Amesoma kwetu tangu alipokuwa mtoto wa juzuu, akakhitimu Qur'ani, akasoma Safina na vitabu vinginevyo vya fiqhi; na mchana alikuwa akienda skuli, hata naye akawa mwalimu. Mwezi uliopita alitujia baada ya Isha, watu walipokwisha kutawanyika, akatuambia kuwa amekubaliwa na kundi moja la watu wa kujitolea kwenda kufanya kazi mwaka mzima bila ya mshahara katika mji wa Mostar, ulioko nchi ya Bosnia na Herzegovina, huko Ulaya. Kazi yake itakuwa ni kuwasomesha watoto Kiingereza na kuwachezesha mpira wakati wa alasiri. Na watoto hao ni wa pande mbili, ambao asubuhi hawasomi pamoja.

Jambo la kwanza tulilomuuliza ni hili: Jee, mama yako ameridhia? Kwani yajulikana kuwa mtu mmoja alimwendea Mtume s.a.w. kutaka ruhusa ya kwenda katika jihadi, naye akamuuliza kama wazee wake wangali hai. Aliposema ndio, akamwambia jihadi yake iwe katika kuwatumikia hao. Kijana wetu akajibu kwamba mama alilia siku tatu, na siku ya nne akaanza yeye mwenyewe kumtafutia sweta. Tukamwambia: Alhamdulillahi, hiyo ndiyo ruhusa.

Kisha akatoa karatasi mfukoni. Akasema: "Sheikh, tangu nilipopata habari hii usingizi umenipaa. Nimeandika yanayonisumbua, nami naomba unijibu kabla sijasafiri." Tuliisoma karatasi ile mbele yake, na mna maswali matatu. Mawili tuliyajibu usiku ule ule. La tatu lilitushinda, nasi tutaeleza hapa namna lilivyotushinda. Tumeona ni vizuri kuyaandika yote katika karatasi hii, kwa sababu maswali hayo si yake peke yake. Ni ya kila mmoja wetu.

MJI WENYEWE

Kwanza yafaa msomaji aujue mji aendao. Mostar ni mji wa watu zaidi ya 100,000, na katikati yake wapita mto uitwao Neretva. Jina la mji latokana na walinzi wa daraja. Na daraja lenyewe ni la mawe, lilijengwa kwa amri ya Sultan Suleiman wa Uturuki na kumalizika mwaka 1566. Fundi wake aliitwa Hayruddin, mwanafunzi wa Sinan yule mjenzi mashuhuri wa misikiti ya Istanbul. Upinde wake ni mmoja tu, watoka ukingo huu hata ukingo wa pili pasi na nguzo katikati. Kwa miaka zaidi ya 400 watu walipita juu yake kwenda sokoni, na harusini, na maziarani.

Wenyeji wa nchi ile ni wa asili moja, na lugha zao hukaribiana hata mmoja akisema mwenziwe humwelewa bila ya mkalimani. Lakini wamegawanyika kwa dini: Wabosniaki ni Waislamu, Wakroati ni Wakristo wa Kikatoliki, na Waserbia ni Wakristo wa Kiothodoksi. Ilipovunjika dola ya Yugoslavia, vita vikaingia Bosnia mwaka 1992. Mwanzo Waislamu na Wakroati wa Mostar walisimama pamoja kumpinga adui mmoja. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Mei 1993, wakageuziana bunduki wao kwa wao. Waislamu wa upande wa magharibi walitolewa majumbani mwao, wengi wakatiwa kambini, na waliobaki wakasongamana upande wa mashariki wakipigwa mizinga, hawana chakula wala maji ya kutosha. Na tarehe 9 Novemba mwaka huo daraja lile likapigwa mizinga na majeshi ya Wakroati hata likaanguka mtoni.

Vita baina ya pande hizi mbili vilikoma mwaka 1994, na vita vya nchi nzima vikakoma kwa mapatano ya Dayton mwaka 1995. Kwa jumla vilikuwa vimekwisha kula roho za watu wapatao 100,000. Na katika mwezi wa Julai 1995 peke yake, huko Srebrenica, majeshi ya Waserbia wa Bosnia yaliua wanaume na vijana wa Kiislamu zaidi ya 8,000. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Daraja limejengwa upya, likafunguliwa tarehe 23 Julai 2004. Watalii huja kulitazama, na vijana hujirusha kutoka juu yake wakaingia mtoni kama zamani. Lakini ndugu zetu, jiwe hujengeka upesi kuliko moyo. Mji ule una vyuo vikuu viwili, kimoja cha kila upande. Una timu mbili za mpira ambazo mashabiki wake hutambuana kwa kabila. Katika sehemu zile za nchi ziko skuli zinazoitwa "skuli mbili chini ya paa moja", yaani jengo ni moja lakini watoto wa huku na wa huku kila watu na masomo yao na waalimu wao, na pengine na mlango wao. Hata uchaguzi wa baraza la mji haukufanywa tangu mwaka 2008 mpaka Disemba 2020, kwa kuwa wakubwa wa pande mbili hawakupatana juu ya namna ya kupiga kura. Huko ndiko aendako kijana wetu.

SWALI LA KWANZA

Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mimi ni Muislamu, na waliodhulumiwa ni ndugu zangu. Nitakaaje na mtoto ambaye pengine babake ndiye aliyempiga mzinga nyanya wa mtoto mwingine? Na nikimpenda huyu sawa na yule, jee, sitakuwa nimewakhini ndugu zangu?"

Tulimwambia: Mwanangu, uchungu wako ni wa haki, wala hatutaki uondoke moyoni. Asiyeumwa na yaliyowapata Waislamu wa Mostar na Srebrenica hana udugu. Lakini angalia uchungu huo unakupeleka wapi. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Maida, aya ya 8, chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu, na akatuambia kuwa uadilifu ndio ulio karibu zaidi na ucha Mungu. Amri hii haikuteremka kwa ajili ya wakati wa raha. Mtu asiyekuchukiza hahitaji aya ya kukuamrisha umfanyie haki.

Na mtoto huyo unayemuogopa amezaliwa lini? Ana miaka 12. Vita vilikwisha babake akiwa kijana, au yeye naye akiwa mtoto. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul An'am, aya ya 164, kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Na katika Suratul Mumtahina, aya ya 8, hakutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wale ambao hawakutupiga vita kwa ajili ya dini yetu wala hawakututoa majumbani mwetu. Sasa mtoto mwenye mpira mguuni amemtoa nani katika nyumba yake?

Tukamkumbusha kisa cha Abdallah bin Rawaha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Mtume s.a.w. alimtuma Khaibar kukadiria mavuno ya tende, ili yagawanywe baina ya Waislamu na wenyeji wake, watu ambao jana tu walikuwa vitani nao. Wakamkusanyia mapambo ya wake zao ili awapunguzie. Akayakataa. Akawaambia wazi kuwa nyoyo yake haiwapendi, lakini hilo halitamfanya awadhulumu hata kidogo. Nao wakakiri kwamba ni kwa uadilifu kama huu ndipo mbingu na ardhi zimesimama. Tazama, ewe kijana: Ibn Rawaha hakudai kuwa hana hisia. Alikuwa nazo, akazisema, kisha akazifunga, akapima tende kwa kipimo kimoja. Basi nawe huko waendako hutaambiwa usiwe na moyo. Utatakiwa uwe na kipimo kimoja.

Na zaidi ya hayo, ziko khatari katika jina la udugu lenyewe. Katika safari moja ya Mtume s.a.w. Muhajiri mmoja alimpiga teke Ansari mmoja. Huyu akalia, "Enyi Ansari!" na yule akalia, "Enyi Muhajirina!" Mtume s.a.w. aliposikia alighadhibika, akauita mwito huo kuwa ni wa zama za ujinga, akawaambia wauache kwani ni kitu kinukacho. Ajabu ilioje! Jina la Muhajiri na jina la Ansari ni majina matukufu, yamesifiwa katika Qur'ani. Lakini yalipofanywa ngoma ya kuwaitia watu ugomvi yakawa uvundo. Na jina la Muislamu ni hivyo hivyo. Likiwa ni jina la kusujudu na kufanya haki, hakuna lililo bora kuliko hilo. Likiwa ni jina la kabila tu, la kumjua nani apigwe na nani asipigwe, hapo limetolewa msikitini likatiwa kambini.

Kwa hivyo kumpenda mtoto wa Kikroati na kumfunza vizuri si khiyana kwa ndugu zako. Khiyana ni kuwaaibisha ndugu zako kwa dhulma ufanyayo kwa jina lao.

SWALI LA PILI

Swali lake la pili: "Watakaponiuliza juu ya yaliyopita, niseme kweli, au ninyamaze ili watu wapatane?"

Hili tulilijibu kwa hadhari. Wako watu wasemao kuwa sulhu ni kusahau. Hatuoni hivyo. Katika Suratul Hujurat, aya ya 9, Mwenyezi Mungu alipotuamrisha kupatanisha makundi mawili yaliyopigana, hakusema wanyamazishwe tu. Alisema wapatanishwe kwa uadilifu. Na hapana uadilifu pasipo kweli. Mama ambaye mifupa ya mwanawe haijapatikana huwezi kumwambia asahau. Huko ni kumdhulumu mara ya pili. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya The Hague ilithibitisha tarehe 29 Novemba 2017 hukumu ya wakubwa sita wa Wakroati wa Bosnia kwa maovu waliyofanyiwa Waislamu. Basi haya yamethibiti kwa ushahidi, na atakayekwambia hayakuwa, usimkubalie kwa kutaka kumfurahisha.

Lakini kweli haina upande mmoja. Kijana wetu hakuwa akijua, nasi tulimwambia, na hapa twawaambia nyote: mwezi wa Septemba 1993, katika kijiji cha Grabovica, kaskazini ya Mostar, raia wa Kikroati waliuawa na askari wa jeshi la upande wa Waislamu. Waliouawa walikuwamo wazee na wanawake, na hata mtoto mdogo. Mahakama za nchi ile ile ziliwahukumu baadhi ya askari hao. Tunaona baadhi yenu mtachukizwa kuyasoma haya katika karatasi ya Waislamu. Nasi tumechukizwa kuyaandika. Lakini Suratun Nisaa, aya ya 135, yatuamrisha kuwa mashahidi wa haki hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Hatuna njia ya kuikwepa aya hiyo.

Wala hatusemi kuwa mizani ya pande mbili ni sawa. Idadi si sawa, na aliyeuzingira mji si sawa na aliyezingirwa. Tusemalo ni kuwa mtoto aliyeuawa Grabovica ana mamake na jamaa zake kama mwingine yeyote, na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Hilo ni neno aliloonywa Muadh bin Jabal na Mtume s.a.w. alipotumwa Yaman, wala hakuambiwa aogope dua ya Muislamu aliyedhulumiwa peke yake.

Tukamwambia kijana: Usianze wewe kuwahadithia vita. Wao ndio walio nayo hadithi, wewe ni mgeni. Akikuhadithia mwenye msiba, msikilize mpaka amalize. Usimkatize kwa kumwambia kuwa na wa upande wa pili nao walifiwa. Na ukienda kwa wa pili, msikilize vivyo hivyo. Ukiulizwa ujualo, sema kweli kwa upole. Na Mtume s.a.w. amekwisha kutueleza namna ya kumsaidia ndugu yetu akiwa ndiye dhalimu: ni kuushika mkono wake asidhulumu. Huo ndio msaada mgumu, na kwa hivyo hufanywa na wachache.

SWALI LA TATU

Hapa ndipo tuliposhindwa. Kijana aliandika hivi: "Huko wataniuliza kwetu watu hukaaje. Nitasema nini juu ya misikiti yetu miwili?"

Ndugu zetu wa mtaa wetu wajua maana ya maneno haya. Kwa wengine tutaeleza. Mtaani kwetu iko misikiti miwili iliyo mwendo wa dakika tano. Miaka kadhaa iliyopita ilitokea khitilafu ya mwezi mwandamo. Sisi tuliona ni wajibu kungoja mwezi uonekane kwetu. Wenzetu waliona yatosha ukithubutu kuonekana katika nchi nyingine. Wao wakasali Idi siku moja, na sisi siku ya pili. Iko nyumba tuijuayo ambayo baba alikuwa amefunga na mwanawe anakula, na mama akapika pilau siku mbili, kila siku akilia.

Khitilafu ya mas'ala si aibu. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika jambo hili tangu zamani. Katika Sahihi ya Muslim mna habari ya Kuraib, aliyefika Madina kutoka Sham akamwambia Ibn Abbas kuwa watu wa Sham waliuona mwezi usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas akamjibu kuwa watu wa Madina wao waliuona usiku wa Jumamosi, na kuwa watakwenda kwa huo waliouona. Ndivyo ilivyokwisha habari hiyo. Hatuoni ndani yake neno moja la kuwatukana watu wa Sham.

Ama sisi, hatukuishia alipoishia Ibn Abbas. Tulitoa maneno darasani ambayo leo twatamani tungeyameza. Na wanafunzi wetu wakayachukua, wakayaongeza chumvi, wakayapeleka sokoni. Na katika kukata salamu, sisi ndio tuliotangulia. Tulikutana na imamu wao njiani, tukatazama upande wa pili. Mwaka wa pili akafa mwadhini wao, mzee ambaye kwa zaidi ya miaka thalathini sauti yake ndiyo iliyokuwa ikituamsha alfajiri hata sisi tusiosali kwao. Maziko yake hatukwenda. Tulisema tuna darasa.

Hayo ndiyo aliyotuuliza kijana wetu, naye hakutuuliza kwa utovu wa adabu. Alikuwa ameinamisha kichwa na mikono yake yatetemeka. Nasi hatukuwa na la kumjibu. Tulimwambia arudi kesho.

Usiku ule tulikumbuka hadithi ambayo tumeisomesha mara nyingi: kuwa si halali kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na kuwa mbora wa wawili ni yule atakayeanza kutoa salamu. Na ile nyingine, kuwa kupatanisha watu kuna daraja iliyo bora kuliko saumu na sala na sadaka za sunna, na kuwa kuharibika kwa mambo baina ya watu ndio wembe unyoao. Haunyoi nywele, wanyoa dini. Tuliona wembe huo mkononi mwetu. Tulikuwa tukimfunza kijana avuke daraja la Mostar, nasi tumeshindwa na uchochoro mmoja.

Siku ya pili baada ya Alasiri tulimwita kijana, tukamwambia tufuatane. Tukenda mpaka msikiti ule, tukamkuta imamu amekaa barazani. Tukatoa salamu. Alinyamaza kidogo, hata tukadhani hatajibu. Kisha akajibu, akasimama, akatutandikia mkeka. Ikaletwa kahawa. Kwanza tulimuomba radhi kwa yale maneno, na kwa maziko ya mwadhini. Akasema: "Watoto wa marehemu walikungojeni siku ile. Jeneza lilicheleweshwa kwa ajili yenu." Ndugu zetu, hatujapata kuambiwa neno zito kuliko hilo.

Juu ya mwezi hatukupatana, wala hatudhani tutapatana karibu. Lakini tumepatana mambo matatu. La kwanza, pasitolewe mimbarini wala darasani neno la kumvunjia heshima mtu wa msikiti wa pili. La pili, maziko ya huku yawe ni ya huku na huku. La tatu, siku ya Idi, iwe moja au mbili, wazee wa kila upande wende kuwapa mkono wenzao. Na jioni ile ile tulikwenda nyumbani kwa watoto wa mwadhini, tukawapa mkono wa taazia uliochelewa, nao wakaupokea, Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kijana wetu hajafika bado ugenini, na tayari wenyeji wa mtaa wake wamepona kidogo.

WASIA

Sasa ewe mwanafunzi wetu, haya ndiyo majibu ya swali lako la tatu. Watakapokuuliza kwenu watu hukaaje, usiwaambie kuwa twakaa kwa amani kama malaika. Waambie kuwa nasi twagawanyika. Wazee wetu wa Mombasa walikuwa na Thalatha Taifa na Tisa Taifa, wakishindana, na hali wote ni Waislamu wa mji mmoja. Na leo tumekhitilafiana juu ya mwezi. Waambie mwalimu wako alikata salamu na jirani yake, kisha akarudi. Huenda neno hilo likawafaa kuliko mahubiri. Aliyejeruhiwa hamsikilizi mtu ajionaye kuwa hajapata kukosa.

Ichunge nia yako, kwani kila amali hulipwa kwa nia yake. Ukienda ili ukirudi uitwe shujaa, utakuwa umekwisha lipwa. Usiwapige picha watu katika misiba yao kwa kutafuta kusifiwa.

Usidhani kuwa wewe ndiye utakayeupatanisha mji ule. Mwaka mmoja ni mchache, na wako watu wa pale pale, wa pande zote mbili, wanaoitaka sulhu tangu kabla wewe hujazaliwa. Kazi yako ni kuwashikia kamba. Ukiwafunza watoto kumi kupeana mpira bila ya kuulizana majina ya baba zao, hiyo ni kazi kubwa, na malipo yake yako kwa Mola wako.

Jifunze lugha yao. Sala zako usiziache, hata pakiwa na baridi na theluji. Ukialikwa penye ulevi, udhuru wako utoe kwa uso mkunjufu, pasina kumdharau aliyekualika. Ukivunjiwa heshima kwa rangi yako, na hili laweza kukupata hata kwa Muislamu mwenzio, subiri, wala usihukumu watu wote kwa mmoja. Na Mtume s.a.w. alipowatuma Muadh na Abu Musa Yaman aliwausia wafanye mepesi wala wasifanye magumu, wawape watu bishara wala wasiwakimbize, na wao wawili wapatane wala wasikhitalifiane. Yatafakari hayo ya mwisho: kabla ya kuwapatanisha watu, wajumbe wenyewe waliamrishwa wapatane.

Mwisho, mwandikie mama yako kila wiki.

Nanyi wasomaji wetu, msidhani kuwa karatasi hii imeandikiwa msafiri peke yake. Kila mmoja wenu ana uchochoro wake asioupita. Yuko nduguye asiyesema naye kwa ajili ya shamba la urithi, au jirani kwa ajili ya maji ya paa, au Muislamu mwenzie kwa ajili ya qunuti au maulidi. Kabla hamjawaombea dua watu wa Mostar wapatane, piteni uchochoro huo. Msingoje jeneza.

Ewe Mwenyezi Mungu, warehemu waliouawa kwa dhulma, na uwatulize waliobaki. Mhifadhi kijana wetu katika kwenda kwake na kurudi kwake, umtie uadilifu moyoni na upole ulimini. Utusamehe sisi kwa tuliyoyasema na kwa maziko tusiyoyaendea. Na uunganishe nyoyo zetu, kwani Wewe ndiye mwenye kuziunganisha. Amin.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.